Transfoma ya Sauti Iliyofungwa Upya: Tathmini ya Karakana ya Barabara ya Luthuli

Redio ya valvu (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista) aliyoniachia marehemu baba, ile tuliyokuwa tukisikilizia Sauti ya Kenya, ilinyamaza ghafla mwaka jana, na ndani ya kioo cha valvu ya mwisho, EL84, nikaona gridi ya skrini, mojawapo ya nyavu za waya zilizomo, ikiwaka nyekundu. Fundi wa kwanza aligundua kwamba transfoma ya sauti, inayounganisha valvu hiyo na spika, ilikuwa imekatika waya ndani, akaweka mahali pake transfoma ndogo ya umeme ya kushusha volti 240 hadi 9. Redio ilisema, lakini besi ilitoweka, na baada ya miezi miwili sauti ikaanza kukwaruza. Ndipo nikaelekezwa kwenye karakana ndogo ya ghorofani, Barabara ya Luthuli, Nairobi.

Mzee wa hapo hakuikimbilia transfoma. Kabla ya kugusa chochote alichomoa waya wa umeme na kuziondolea chaji kapasita kubwa, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, kwa kutumia rezista, kwani huweza kubaki na volti mia kadhaa hata redio ikiwa imezimwa, kisha akaanza kutafuta chanzo cha maradhi. Alipoiwasha tena na kupima katodi ya EL84, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, mita ilisoma volti 11 badala ya 7 hivi. Kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi ya kuingizia sauti ilikuwa ikivujisha umeme, kwa hiyo valvu ilivuta mkondo kupita kiasi, na mkondo huo ukapita katika waya wa transfoma, mwembamba kama unywele, mpaka ukaungua. Kapasita hiyo ni kifaa cha bei ndogo mno, na fundi wa kwanza alikiacha palepale. Transfoma yoyote mpya ingeungua vivyo hivyo.

Swali la besi alilijibu kwa kunionyesha mabati, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kiini, ya transfoma zote mbili. Katika redio yenye valvu moja ya kutoa sauti, mkondo usiobadilika mwelekeo hupita kwenye koili wakati wote, na kwa hiyo mabati ya umbo la E hupangwa upande mmoja na ya umbo la I upande wa pili, yakitenganishwa kwa karatasi ili chuma kisishibe usumaku. Mabati ya transfoma ya umeme hupishanishwa bila kuachiwa mwanya huo, kwa hiyo chuma chake hushiba na besi hupotea.

Nilikuwa nimeitunza transfoma ya zamani. Aliifungua, akahesabu mizunguko ya waya, akaifunga upya kwa uwiano wa takribani 32 kwa 1, ambao huifanya spika ya omu 5 (omu ni kizio cha ukinzani wa umeme) iwe kwa valvu mzigo wa omu 5,200 hivi, kisha akabadilisha kapasita ile na valvu yenyewe. Sauti imerudi na uzito wake wote, na nilipomsikia mtangazaji wa taarifa ya habari nilinyamaza kwa muda.

Nililipa shilingi 6,500, bei ninayoiona ya haki kwa kazi ya mkono. Hata hivyo, wiki mbili alizoahidi zilikuwa tano, na sikupewa risiti wala maandishi ya idadi ya mizunguko, ambayo fundi mwingine angeyahitaji siku za usoni. Atakayekwenda huko abebe transfoma ya zamani hata kama imeungua, maana vipimo vyote huchukuliwa humo.