Mfuko wa bisibisi wa kushonwa kwa mkono hapa Mwanza: uzoefu wangu

Mafundi umeme wenzangu, ule mfuko wa ngozi ninaovaa kiunoni upande wa kulia niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Ni wa plaizi. Kushoto nilikuwa na wa turubai wa dukani, na bisibisi zilishautoboa. Nikataka wa ngozi unaofanana na ule wa zamani, wa kubebea testa na bisibisi.

Fundi viatu mmoja mjini alisema atapiga mashine, nipitie jioni. Nikamshukuru nikaondoka. Niliyempa kazi yuko upande wa Nyakato, kasomea mambo ya ngozi DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Kampasi ya Mwanza. Aliugeuza mfuko wangu nje ndani, akapima nafasi kati ya tundu na tundu la mshono, halafu akaunusa. Kweli, aliunusa! Akasema ngozi hii imesindikwa kwa magome ya miti, si kwa kromu (kemikali inayosindika ngozi nyingi za viatu), na kwamba ya kromu ukiilowesha haishiki umbo. "Fundi, nikikuwekea ya viatu, mwezi ujao utanirudia unalalamika."

Alitaja 45,000, tukaelewana 38,000, nusu nikatanguliza. Kwa mfuko mdogo si hela ndogo.

Kazi yenyewe sina neno. Kati ya vipande viwili vya ngozi kaweka ukanda mwembamba wa ngozi pembeni, ili ncha ya bisibisi isigusane na uzi. Kashona kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, umepakwa nta ya nyuki, kila tundu sindano zinapishana. Mshono wa hivyo ukikatika sehemu moja, kwingine kunashika. Wa mashine ukiachia, unafumuka taratibu mpaka mwisho. Kingo kazisugua kwa kijiti na nta hadi zikateleza.

Tatizo ni muda. Ngozi inaloweshwa kwanza, inafinyangwa juu ya vifaa vyako vyenyewe, kisha inaachwa ikauke. Mimi nilipeleka katikati ya masika, hewa ya ziwa nzito, haikauki. Nikamwambia aisogeze karibu na jiko la mkaa, akakataa katakata: ngozi iliyolowa ikipigwa na joto kali inasinyaa, inakuwa ngumu na kupasuka. Hilo nalikubali. Ila simu angepokea, maana bisibisi zangu alikuwa nazo yeye, na mimi kazini naazima.

Rangi hazilingani hata kidogo. Wa zamani umekolea kwa jasho na mafuta ya mikono, huu mpya ni kama chai ya maziwa. Alikuwa tayari kuupaka rangi, nikakataa, kwa sababu ngozi ya magome inakolea yenyewe kwa jua na kushikwashikwa. Vijana wa saiti wanacheka, wacheke. Ukubwa, mshono na mkao kiunoni ni vilevile, na hicho ndicho nilicholipia.

Kitanzi cha mkanda kinabana kuupitisha, lakini nikiwa juu ya ngazi mfuko hauhami.

Ukienda, beba mfuko wa zamani, vifaa na mkanda wako, usimpe vipimo kwa mdomo. Kazi za pampu za ziwani usiende nao, maji yataulegeza. Mimi nimeshatanguliza hela ya mfuko wa mita ya kupimia umeme, kwa sharti aanze kabla ya vuli.