Uzoefu wangu: huduma ya kutafuta nasaba ya mama wa bibi yangu, aliyekombolewa utumwani

Mwezi Februari nililipa shilingi 350,000, nusu kabla ya kazi na nusu baada ya ripoti, kwa kampuni ndogo ya utafiti wa nasaba ambayo jina lake sitalitaja, ili initafutie asili ya mama mzazi wa bibi yangu. Katika ukoo wetu hapa Mwanza mama huyo alisemwa kwa sauti ya chini: alikuwa "mtoto wa kukombolewa", basi, na mtoto aliyeuliza zaidi alitumwa kuteka maji. Sote tuliamini kwamba aliletwa na msafara wa pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, upande wa Tabora.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni mahojiano ya mwanzo. Mtafiti, dada mmoja mtulivu, alikuja Butimba nyumbani kwa mama yangu, akakaa mkekani saa tatu nzima, na badala ya kuanza na majina na miaka, ambayo mama hana, alimwuliza marehemu bibi alipikaje, alilia misiba kwa lugha gani na alihesabuje. Mama alicheka, akasema kwamba bibi alipopanga mafungu ya dagaa alihesabu kama alivyofundishwa na mama yake: emu, bbiri, ssatu. Mimi niliisikia hesabu hiyo utotoni nikaidhani mzaha wa kizee, kwa kuwa Msukuma husema imo, ibili, idatu. Dada yule aliweka kalamu chini, akasema, "Mama, hicho ni Kiganda."

Kuanzia hapo utafiti uligeuka. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipoondoka Buganda mwaka 1882 walivuka ziwa pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ambayo sisi huipita tukienda Kigongo bila hata kugeuza shingo. Baada ya miezi mitano nilitumiwa picha ya mstari mmoja wa rejesta ya ubatizo ya mwaka 1886, kwa Kilatini, pamoja na tafsiri yake: Maria, miaka kumi hivi, kutoka Usoga, wazazi hawajulikani. Usoga ndiyo Busoga, jirani ya Buganda upande wa mashariki. Wino umefifia, na neno Usoga limeandikwa juu ya neno jingine lililokatwa. Mtafiti hakunidanganya kwamba jambo limekwisha. Alieleza kwamba akina Maria walikuwa wengi, na kwamba kilichomfanya aamini ni ile hesabu ya dagaa, umri, na jina la mama wa ubatizo, ambalo mama yangu alilitaja kabla rejesta haijafunguliwa. Kuhusu Kiganda alisema majeshi ya Buganda yalikuwa yakiteka watu Busoga, hivyo mtoto angeweza kujifunza lugha ya waliomteka. Ndipo nilipoelewa ukimya wa nyumbani: sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, na bibi, kitindamimba wa Maria, alikuwa tayari na miaka minane.

Sasa malalamiko. Ripoti ina kurasa ishirini, na kumi na moja kati yake zinahusu soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa mwaka 1873, kana kwamba kila aliyetekwa lazima alipitia pale. Maria hakuwahi kuiona bahari. Aidha, walinisukuma ninunue kipimo cha vinasaba kwa bei ya ziada. Nilikataa, kwa sababu kipimo cha upande wa kuukeni kingenionyesha tawi la maelfu ya miaka lililotapakaa katika nchi nyingi, wakati mimi natafuta kijiji.

Kwa wenye wazee waliopelekwa pwani, dada yule alinipa neno la bure: msitafute "Msukuma" katika orodha za kale za Unguja, kwani watu wa pwani waliwaita wengi wa bara la magharibi Wanyamwezi, na majina ya nyumbani mara nyingi yalibadilishwa kuwa Baraka, Mabruki au Feruzi.

Ninawapa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za yule dada. Kwa awamu ya pili, ya kutafuta upande wa Jinja, huko Busoga, wanataka shilingi 500,000. Nimewajibu kwamba nitalipa wakiniahidi kwa maandishi kutoiweka tena Mkunazini.