Kifaa cha Kukusanya Nyasi na Majani: Kagua Mfuko Kabla ya Kukagua Injini

Tangu mvua za masika zilipoanza, wasomaji wanaoniandikia kuhusu ukoka wao wamekuwa wakirudia lalamiko moja. Mashine ya kukatia nyasi ni mpya, injini inanguruma vizuri, kisu kimenolewa, lakini kila baada ya hatua chache nyasi zinamwagika mafungu mafungu nyuma ya mashine, na mfuko ukifunguliwa unakutwa haujafika hata nusu. Walioandika wanaishi Karen, Lavington, South C na Ruiru, hapa Nairobi na viungani mwake, na mashine zao ni za kampuni tofauti, lakini wauzaji wamewajibu wote kwamba nyasi zilikuwa mbichi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linaficha jambo ambalo muuzaji alipaswa kulisema kabla ya kupokea pesa: mfuko wenyewe haupitishi hewa ya kutosha.

Sitazungumzia hapa nguvu za farasi, upana wa kisu, urefu wa mpini wala ukubwa wa magurudumu, kwa kuwa hayo yote yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi na muuzaji yeyote atakusomea. Ninalotaka ulijue ni jinsi nyasi zinavyofika mfukoni. Kisu cha mashine ya kukatia nyasi kina mabawa yaliyopindwa kuelekea juu upande wa nyuma, nacho huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika. Mabawa hayo huvuta hewa kutoka chini, huzisimamisha nyasi zipate kukatwa sawasawa, kisha huzisukuma kwa upepo ule ule kupitia mdomo ulio nyuma ya mashine hadi mfukoni. Upepo ukishaingia mfukoni ni lazima utoke. Ukikosa pa kutokea, nyasi husimama mdomoni, hushikamana na kuuziba, na kazi ya kukusanya huishia hapo hata kama mfuko una nafasi ya kubeba mara mbili ya kilichomo.

Hapa Nairobi shida hiyo huwa kubwa zaidi, na sababu zake zinajulikana. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Honda yenyewe inaeleza katika vijitabu vyake vya maelekezo kwamba nguvu za injini hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, hata baada ya kabureta kurekebishwa, maana yake ni kwamba injini inayofanya kazi Nairobi imekwisha kupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Upepo unaopaswa kubeba nyasi unaanza ukiwa umepungua, na mfuko unaobana hewa unaumaliza kabisa. Ongeza kwamba nyasi zinazopandwa sana katika nyua zetu ni nyasi za kikuyu, ambazo wakati wa mvua hukua kwa kasi, huwa na maji mengi na hukatika kwa marundo mazito. Kisha likija jua, vumbi jekundu la upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, laini kama lilivyo, huingia katika kila tundu la kitambaa na kukaa humo.

Ugeuze nje-ndani mfuko wa namna hiyo uliotumika misimu miwili bila kuoshwa. Kitambaa kilichokuwa cheusi kimekuwa na rangi ya udongo, na nyuzi zake hazionekani tena. Kwenye pembe za chini kuna utando wa kijani uliokauka ukawa mgumu, na ndani ya utando huo vijani vidogo vya mjakaranda vimelala bapa, kimoja juu ya kingine, kama magamba ya samaki. Ukiugonga kwa kiganja unatoa sauti kama wa turubai. Mfuko huo haujatoboka wala haujachanika, na mwenyewe atakuapia kwamba ni mzima, lakini kwa kazi uliyotengenezewa umekufa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji autoe mfuko kwenye karatasi yake ya plastiki. Uinue kuelekea mwangaza wa mlangoni na uangalie kama unaona matundu yaliyosambaa pande zote au sehemu ndogo tu ya juu. Kisha bana kitambaa kwenye midomo yako na upulize. Pumzi ikipita bila kulazimishwa, mfuko unafaa. Ikirudi usoni, achana na mashine hiyo hata kama imepunguzwa bei, kwa sababu kitambaa kilichobana kikiwa kipya hakitalegea kikijaa vumbi. Angalia pia mahali mfuko unapokutana na mashine: kifuniko cha mdomo kilale juu ya fremu bila mwanya, kwani mwanya hapo humwaga nyasi na kumrushia mtunza bustani vumbi miguuni.

Kwa kipimo hicho, ninayoiweka ya kwanza ni mashine ya petroli ya Honda, hasa ya aina ya HRX. Sifichi upendeleo wangu. Mfuko wake hukaa kwenye fremu ya chuma, hujaa hadi nyuma badala ya kuzibia mdomoni, na hutoka kwa mkono mmoja. Chini yake kuna visu viwili vilivyopandana ambavyo hukata nyasi vipande vidogo zaidi, na vipande vidogo hushindiliana vizuri mfukoni, hata ukasafiri mara chache zaidi hadi kwenye shimo la mboji. Ina pia kidhibiti kinachokuwezesha kukusanya sehemu ya nyasi na kuacha nyingine zilizosagwa zirudi ardhini kuwa mbolea, jambo la maana sana mwezi wa Mei ambapo nyasi ni nyingi kuliko mahitaji ya mboji yoyote. Lililonifanya niipende zaidi ni kwamba kijitabu chake hakimdanganyi mnunuzi: kinasema waziwazi kwamba mfuko uoshwe kwa mpira wa maji na uachwe ukauke kabisa kabla ya kutumika, kwa kuwa mfuko wenye unyevu huziba upesi. Bei yake ni kubwa, tena kubwa mno kwa mwenye uwanja mdogo, na sitamshauri mtu akope pesa kwa ajili yake. Ila mwenye uwanja mpana, au kikundi cha majirani wanaoweza kuchangia mashine moja, asipoteze muda kuzunguka. Jambo moja la kudai ni kwamba fundi wa duka aikague kabureta kwa ajili ya mwinuko wa Nairobi, maana Honda huelekeza marekebisho hayo kwa injini zinazotumika wakati wote juu ya mita 1,500, na wauzaji wengi hawayataji mpaka waulizwe.

Ya pili itawashangaza wengi: kifagio cha magurudumu, kile kinachosukumwa kama kigari cha mtoto. Magurudumu yake yanapozunguka huzungusha brashi kwa gia, nazo brashi hurusha majani ndani ya kikapu kilichoko nyuma. Hakina injini, hakitumii petroli wala stima, na zaidi ya yote hakitegemei upepo, kwa hiyo lile tatizo la hewa halikihusu hata kidogo. Kwa majani makavu ya mgrevilea na kwa maua ya mjakaranda yanayoanguka kuanzia Septemba hadi Novemba, sijaona kifaa cha mkono kinachofanya kazi kwa wepesi huo, mradi uyawahi kabla mvua za vuli hazijayalowesha na kuyagandisha chini. Udhaifu wake ni kwamba hakikati chochote na kinataka ardhi iliyo tambarare. Kagua kama urefu wa brashi unarekebishwa, na kama meno ya gia ni ya chuma au ya plastiki. Hakipatikani katika kila duka la hadiwea, na nalichukulia hilo kuwa kosa la waagizaji, ambao wamejaza maduka vipulizi vya kelele na kukisahau.

Ya tatu ni mashine ya stima yenye sanduku gumu la plastiki, kama vile Bosch Rotak 32, ambayo sanduku lake hubeba lita 31. Sanduku gumu lina sifa moja ambayo mfuko wa kitambaa hauna: matundu yake ya hewa ni mipasuo inayoonekana kwa macho, na brashi ya kuoshea vyombo huyasafisha mara moja. Mota ya stima nayo haipungukiwi nguvu kwa sababu ya mwinuko kama injini ya petroli. Kwa uwanja mdogo wa nyumba za mtaani, wenye soketi karibu, inatosha kabisa, na ningeiweka ya pili kama si waya unaoburutwa kila mahali na lita 31 zinazojaa upesi mno nyasi za kikuyu zinapokuwa zimekolea.

Ya nne ni kifyonza majani cha injini, na wa kutajwa hapa ni Stihl SH 86. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 27.2, mfuko wake ni wa lita 45, na ndani kuna kisu cha nyota cha chuma kinachoyasaga majani kabla hayajafika mfukoni, hata rundo kubwa likawa kidogo. Ni kifaa kilichotengenezwa kwa uangalifu, na kwa majani makavu yaliyonasa chini ya ua au katika changarawe hakina mshindani. Hata hivyo hewa yote inayofyonzwa inapaswa kutokea kwenye kitambaa cha mfuko huo uliotundikwa begani, na majani yakiwa na umande kitambaa hulowa, nguvu ya kufyonza hupungua, na aliyekibeba huanza kuinama na kukisugua chini akidhani injini imechoka. Kitumie mchana, majani yakiwa yamekauka, na ukung'ute mfuko kila unapoumwaga. Kwa nyasi zilizokatwa zikiwa mbichi usikinunue.

Reki ya plastiki au ya waya, pamoja na turubai la kuburutia, hugharimu pesa kidogo na hufanya kazi. Vijani vya mjakaranda hupita kati ya meno yake. Zaidi ya hapo sina la kusema kuihusu.

Jambo linalonikera ni namna vifaa hivi vinavyouzwa hapa jijini. Muuzaji atabandika picha ya mashine mtandaoni bila bei, na anayeuliza anaambiwa apige simu. Akipiga anatajiwa bei, na akifika dukani anaelezwa kwamba bei ile haikuwa na VAT, kwa hiyo aongeze asilimia 16. Atasifiwa lita za mfuko, ambazo hazimaanishi chochote kama hewa haipiti, na akitaka mfuko ufunguliwe ataambiwa kwamba boksi likifunguliwa ni lazima alipe. Huo si ukali wa biashara, ni kumnyima mnunuzi haki ya kuona anachonunua. Kisha mfuko ukichakaa, na mfuko ndio kitu cha kwanza kuchakaa katika mashine yoyote ya nyasi, anagundua kwamba duka lile lina visu, plagi na mafuta ya injini rafuni, lakini mfuko ni lazima uagizwe ng'ambo kwa malipo ya kabla na kwa muda usiojulikana. Wengine wamepelekwa kwa fundi wa cherehani ashone mwingine wa turubai au wa kitambaa cha hema, na hapo ndipo mashine nzuri inapoharibiwa kabisa, kwa kuwa turubai halipitishi hewa hata chembe. Kama ni lazima ushonewe, mpe fundi wavu mgumu wa nailoni kwa pande na chini, na kitambaa kizito kwa juu pekee ili vumbi lisimrukie anayesukuma.

Ninachowaomba wasomaji ni kwamba, siku ya kununua mashine, waulizie bei ya mfuko wa pili wenye namba ile ile ya kipuri, iandikwe kwenye karatasi ya duka pamoja na VAT, na kama pesa inaruhusu waununue papo hapo. Mifuko miwili inayopokezana, mmoja ukikauka kwenye kamba huku mwingine ukitumika, itadumu kuliko mmoja unaorudishwa kazini ukiwa na maji. Duka lisiloweza kutaja bei ya mfuko halistahili kuuza mashine inayoutegemea.

Ununuzi haukamiliki pia bila chombo cha kupokea kinachomwagwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikaagiza, kwa kufuata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, kwamba ile mifuko ya kawaida ya plastiki isitumiwe tena kuwekea taka za ogani, zikiwamo nyasi na majani, ikatoa siku 90 za kujirekebisha. Nunua magunia ya katani au ya juti yenye mdomo mpana kuliko mfuko wa mashine yako, uyapime ukiwa bado dukani, kwa sababu mfuko mpana ukimwagwa katika gunia jembamba nusu ya nyasi hurudi chini na kazi ya kuzikusanya huanza upya.