Kutunza mafaili nyumbani: kipi ununue kwanza

Kabla ya yote, achana na ile flashi ya terabaiti mbili inayouzwa kwa bei ya sahani ya pilau. Nyingi ni ndogo sana, zimechezewa tu zionyeshe ukubwa ambao hazina, na ikijaa picha mpya hufuta za zamani kimyakimya. Ukishanunua diski au flashi yoyote, ipime kwa programu ya bure H2testw, au F3 kama hutumii Windows. Inaijaza yote kisha inaisoma upya; ukiona makosa, irudishe siku hiyohiyo.

Kwa familia yenye simu nne au tano, nafasi ya kwanza naipa NAS ya diski mbili: kisanduku kinachochomekwa kwenye ruta kwa waya, kila simu ikapakia picha zake yenyewe ikifika nyumbani. Synology DS223j inatosha kabisa. Ina RAM ya gigabaiti 1 isiyoongezeka, lakini kwa picha na hati hutaona shida.

Pesa itumie kwenye diski. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red zilitumia SMR, ambapo mistari ya data hulaliana kama mabati ya paa. Ukibadilisha diski iliyokufa kwa ya SMR, kazi ya kuijaza hiyo mpya huwa ya kuchosha na wakati mwingine hukwama. Chukua WD Red Plus au Seagate IronWolf, ambazo ni CMR, yaani mistari yake hailaliani. Diski hizo mbili zinunue maduka tofauti, zisije zikatoka toleo moja na kufa pamoja.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakidhani diski mbili ndani ya NAS zinatosha. RAID 1, mpangilio unaozifanya diski hizo kuwa pacha, huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili, kwa hiyo mtoto akifuta albamu ya harusi, imefutwa kote. Mwizi naye habebi diski moja akakuachia nyingine. Wala usiifungulie NAS mlango wa intaneti kwenye ruta: Januari 2022 kirusi cha Deadbolt kiliingia kwenye NAS nyingi za kampuni ya QNAP kwa njia hiyo, kikafunga mafaili na kudai bitcoin.

Ndiyo maana nafasi ya pili, diski mbili za nje za kupokezana, naiheshimu sana. Moja ikae kwako, nyingine kwa dada au mjomba mtaa mwingine, mkibadilishana kila mwezi. Zifunge kwa nenosiri kwa programu ya VeraCrypt. Kama bajeti yako ni ya kitu kimoja tu, nunua hizi uiache NAS, kwa sababu NAS isiyo na nakala nje ya nyumba naiona hatari zaidi.

Ya tatu ni kompyuta kuukuu yenye OpenMediaVault, programu inayoigeuza kuwa NAS. Programu ni bure, ila inakula umeme na inakutaka ujifunze. Diski iliyochomekwa nyuma ya ruta iwe ya mwisho. Ni moja, na kwa kawaida ni ya polepole.

Ukichagua NAS, UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, si ya hiari. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na kifaa chenyewe. NAS ya namna hii hutumia takriban wati 20 tu, hivyo UPS ndogo ya VA 650 inatosha. Hakikisha ina waya wa USB na kwamba modeli yake inatambulika na NAS yako, ili NAS ijue umeme umekatika na ijizime yenyewe. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, iwekee bajeti.

Mimi kila diski inaporudi kutoka kwa dada, kabla sijaiandika upya nafungua humo picha tatu za zamani na video moja, naitazama hadi mwisho.