Gitaa la besi au sintesaiza?

Mpiga besi anayechanganya midundo ya Afrika, rege na muziki wa dansi wa kielektroniki hukutana na uamuzi huu mapema: gitaa, au sintesaiza, yaani ala inayounda sauti kwa umeme. Mimi naegemea gitaa. Katika mdundo wa rege uitwao wan dropu, ngoma kubwa hugonga pigo la tatu na besi ndiyo inayoimba. Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, alijua pa kunyamaza, na kimya chake kilikuwa sehemu ya wimbo. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini naye hutelezesha vidole kwenye besi isiyo na vizuizi shingoni hadi nyuzi zinazungumza. Kidole kinachochelewa kidogo, kiganja kinachozima uzi: hayo sintesaiza huyaiga kwa taabu.

Kwenye hausi, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, mambo hugeuka. Mapigo ni kama 120 hadi 130 kwa dakika, ngoma kubwa ikigonga kila pigo. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne huishia takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sintesaiza hushuka zaidi, tena bila kuyumba. Ukitaka vyote, piga gitaa, kisha tandika sintesaiza chini yake na kuipunguza sauti kila ngoma kubwa inapogonga.