Tathmini ya seti ya skrubu ya kupachikia bushi za valvu kwenye injini za trekta za zamani

Nimeitumia seti hii kwenye hedi mbili (vifuniko vya juu vya injini, vinavyobeba valvu) za injini ya dizeli ya silinda tatu, ya aina iliyofungwa kwenye trekta ya Massey Ferguson 135, na kilichonisukuma kuinunua ni kazi mbovu niliyofanyiwa na karakana moja. Hedi ilirudi ikiwa safi, bushi zote sita (mirija midogo inayoongoza mashina ya valvu) mpya, lakini siku chache baadaye pushirodi moja, yaani fito inayosukuma valvu ifunguke, ilipinda. Nilipofungua springi ya valvu nilikuta, upande wa chini wa kikombe kinachoishikilia kwa juu, alama ya duara inayong'aa, upana wake ukilingana sawasawa na mdomo wa bushi. Bushi hiyo ilikuwa imeachwa juu kuliko inavyotakiwa, hivyo kila valvu ilipofunguka mpaka mwisho, kikombe kiliigonga.

Kosa la namna hiyo hutokea bushi inapopigwa kwa nyundo na fundi akakadiria kimo kwa jicho. Seti hii inaliondoa kosa hilo kwa njia rahisi sana. Kuna skrubu ndefu yenye nati, inayopita katikati ya bushi, chuma chenye bega linalosukuma ukingo wake, na silinda fupi iliyo wazi ndani, ambayo hukaa juu ya uso wa hedi pale inapokalia springi. Urefu wa silinda hiyo ndio kimo ambacho bushi itabaki ikichomoza, kwa sababu bega likishaigusa, nati inagoma na bushi haiwezi kushuka zaidi. Bushi pia huingia ikiwa imenyooka, haikwaruzi tundu wala haipasuki mdomo, jambo ambalo kwa bushi za chuma cha kutupwa si dogo. Kwenye hedi ya pili nilipima bushi zote sita, na tofauti kati ya ndefu na fupi haikufika milimita 0.1.

Ubora huo, hata hivyo, unategemea silinda sahihi, na hapa ndipo watengenezaji walipofanya uzembe. Wameweka silinda tatu tu za kupimia kimo, na hakuna hata moja iliyolingana na kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yangu, ikanibidi nimpe mkerezaji anikatie nyingine. Mnunuzi asikubali kutumia iliyo karibu karibu. Bushi ikizama mno, inaingia kwenye njia ya hewa au ya moshi, na ile ya upande wa moshi hupata joto zaidi; ikibaki juu mno, yatatokea yaliyonipata mimi. Aidha, kwenye baadhi ya injini bushi za moshi na za hewa zina vimo tofauti, kwa hiyo kila upande usomwe peke yake kitabuni.

Rima iliyomo, yaani kifaa cha kupanulia tundu, sikuipenda. Bushi ikishabanwa ndani ya hedi, tundu lake hupungua kidogo, na ni lazima lipanuliwe mpaka shina la valvu lipite kwa nafasi inayotakiwa, ambayo kwa valvu ya moshi huwa kubwa kidogo kwa sababu ya joto. Rima hii iliacha mistari ndani ya bushi ya kwanza, nikaitupa bushi hiyo na kutumia rima yangu ya zamani kwa zilizobaki.

Maelekezo ya karatasi yanaishia bushi inapoingia, kana kwamba kazi imekwisha. Siti ya valvu, yaani pale valvu inapokalia ikijifunga, lazima ichongwe upya baada ya hapo, kwa kuwa kitovu cha bushi mpya hakilingani kamwe na siti iliyozoea bushi iliyolika, na kuisaga kwa dawa ya kusagia valvu peke yake hakutoshi. Kabla ya kufunga springi za kudumu, mimi hufunga springi laini, nikashusha valvu kwa kiasi ambacho kemu (shafti yenye nundu inayofungua valvu) huishusha, kisha nikapima nafasi iliyobaki kati ya kikombe na bushi. Ikiwa chini ya milimita 1.5 sifungi hedi.

Mwenye trekta ya Ford 3000 asinunue seti hii, kwani hedi yake haina bushi za kutoa. Matundu hupanuliwa na kuwekewa valvu zenye shina nene zaidi. Haifai pia kwa Ford 8N, ambayo valvu zake zimo ndani ya bloku (mwili wa injini), si kwenye hedi. Kwa injini yenye valvu kwenye hedi na bushi za kubana, ningeinunua tena, pamoja na rima nyingine iliyo bora.