Elamipretide: dawa iliyozaliwa na utafiti wa mitokondria

Nikiipima dawa hii kwa kazi iliyoizaa, naiona kuwa tunda bora la utafiti wa subira. Hazel Szeto, mtaalamu wa elimu ya dawa wa Weill Cornell mjini New York, alikuwa akichunguza peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) za kutuliza maumivu pamoja na Peter Schiller wa Montreal, na herufi za kwanza za majina yao ya ukoo ndizo zilizoipa jina la awali, SS-31. Ubora wake umo mahali inapofanyia kazi: hujishikiza kwenye kadiolipini, mafuta ya utando wa ndani wa mitokondria (viwanda vya nishati vya seli), na kuusaidia utando huo usiharibike. Chukua figo kwa mfano: mirija yake, ambayo hutumia nishati nyingi mno kurudisha chumvi na maji mwilini, huumia upesi damu inapokatika. Kwa panya waliopewa dawa hii, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ilirejea haraka zaidi damu iliporudi. Kwangu hilo ni jambo la kustaajabisha. Hata hivyo, hudungwa chini ya ngozi kila siku, na idhini iliyotolewa Marekani mwaka 2025 ni ya ugonjwa adimu wa kurithi uitwao Barth, unaodhoofisha moyo na misuli, si ya figo, jambo linalonisikitisha.